Uzamili ukiwa na kazi na watoto: saa 1,800 zitatoka kwa nani?

Siku ya kwanza, darasa letu la jioni lilikosa viti. Siku ya mahafali, sisi tuliovaa joho tungeenea kwenye Hiace moja na konda akapata pa kukaa. Waliopungua hawakuwa wajinga, na wengi wao hawakufeli mtihani wowote. Walimaliza kozi zote, wakapiga picha na mhadhiri, wakarudi makazini kwao, na tasnifu, ile kazi ndefu ya utafiti ya mwisho, ikabaki kwenye flashi hadi leo. Mmoja aliuguliwa na mtoto. Mwingine alipewa uhamisho wa mkoani. Mwingine mumewe alianza kununa kila jioni ya darasa, naye akachoka kununiwa.

Mimi nilimaliza, ila kwa miaka mitatu badala ya miwili, nikiwa na watoto wawili na kazi ya uhasibu katikati ya Dar es Salaam. Haya ni mambo ambayo laiti ningeambiwa kabla sijalipa ada ya maombi. Yanahusu Tanzania zaidi. Wa Kenya nimewawekea yao machache panapostahili.

Hesabu saa kabla ya kuhesabu ada

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, shahada ya uzamili haitakiwi kuwa chini ya krediti 180, na kila krediti ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Humo kuna darasa, kusoma mwenyewe, kazi za nyumbani, mitihani na utafiti. Zidisha: saa 1,800.

Sasa zigawe. Mwaka una wiki 52, lakini toa sikukuu, misiba, homa za watoto na wiki za kufunga hesabu kazini, utabaki na wiki kama 45 za kusoma kweli. Kwa miaka miwili ni wiki 90, yaani saa 20 kila wiki. Kwa miaka mitatu ni wiki 135, saa 13 na kidogo. Ukiwa na mtoto anayenyonya, au kazi ya zamu, au safari za mikoani kila mwezi, mpango wa miaka miwili hauko kwenye karatasi yako hata kama uko kwenye kipeperushi cha chuo. Uliza mapema kama chuo kinaruhusu kuchukua kozi chache kwa muhula na ukomo wa miaka ni upi. Ukomo huo upo, na ukipita unaweza kuambiwa ujisajili upya.

Halafu fanya jambo ambalo karibu wote hulikwepa. Hakuna saa isiyo na mwenyewe. Hizo 20 sasa hivi zinatumika: ziko kwa mwenza, kwa watoto, kwenye usingizi, kwenye genge lako la jioni, kwenye kwaya. Chukua karatasi, andika kila saa utakayoitwaa na jina la utakayemnyang'anya. Yangu ilisomeka hivi: usingizi saa 6, watoto saa 9, Jumamosi saa 5. Katika hizo za Jumamosi kulikuwa na saluni, kufua, na vikao vya kamati za harusi. Vikao niliviacha kabisa. Nilichanga, sikuhudhuria, na kuna shangazi ambaye mpaka leo hajanisamehe.

Karatasi hiyo ndiyo utakayoitumia nyumbani na kazini. Bila hiyo utakuwa unaomba kitu ambacho mwenyewe hujui ukubwa wake.

Je, unachohitaji ni uzamili?

Hapa sitakaa sana, ila usiparuke. Kama uko serikalini, soma muundo wa utumishi wa kada yako uone shahada ya pili inakupandisha wapi. Afisa Utumishi anao. Kama uko sekta binafsi, tazama matangazo kumi ya kazi unayoitamani na uhesabu mangapi yanataja uzamili. Mhasibu asiye na CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, mara nyingi atafika mbali zaidi kwa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inayofanyika Mei na Novemba, kuliko kwa uzamili. Wa manunuzi aulize kwanza PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Mwalimu anayetaka kufundisha chuo kikuu hana njia ya mkato: uzamili lazima, na alama zake zihesabike.

Kama sababu yako ni kwamba wenzako ofisini wote wanasoma, subiri mwaka mmoja. Saa 1,800 ni nyingi mno kwa ajili ya wivu.

Nyumbani kwanza, chuoni baadaye

Kosa nililolifanya ni kumwambia mume wangu, "Nimepata chuo." Ilikuwa taarifa. Naye alijibu kama mtu aliyepewa taarifa: "Hongera." Muhula wa pili ulipoanza kumchosha, akasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna siku aliyoulizwa.

Kwa hiyo uliza kabla ya kuomba chuo. Mkae siku isiyo na haraka, uweke ile karatasi mezani, na mzungumze kwa majina ya siku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nani atamchukua mtoto shuleni? Gari la shule likichelewa, mwalimu anampigia nani? Nani anakagua kazi ya hesabu? Chakula cha jioni kitakuwa kile kile, au siku hizo tatu familia inakubali kiporo na chai? Mtoto akipata homa usiku wa kuamkia mtihani, nani anakwenda hospitali? Na swali ambalo wanaume wengi hawalisemi ila wanalo moyoni: hii inaisha lini? Taja mwezi na mwaka. Mtu huvumilia kwa urahisi zaidi jambo lenye mwisho.

Ndugu zangu wanaume, msidhani aya hii si yenu. Mwanamume akisoma jioni, mara nyingi hakuna anayeona kwamba saa zake zimelipwa na mkewe, kwa sababu mke alikuwa anazifanya kazi hizo hata kabla. Muulizeni nanyi. Na akisema na yeye anataka kusoma, pangeni zamu.

Msaidizi wa nyumbani asisahauliwe. Dada akiwa ndiye anayebaki na watoto mpaka saa nne usiku, siku yake ya kazi imerefuka kwa sababu yako. Mwongeze mshahara kabla hujajisajili, na hiyo pesa iingie kwenye bajeti ya masomo. Niliwahi kupoteza dada katikati ya mitihani kwa kulikwepa hili, na nilistahili. Kama una mama au mama mkwe anayeweza kuja kukaa, mwombe wiki maalumu, zile za mitihani, badala ya kumwambia aje "kukusaidia". Bibi naye ana shamba lake na vikao vyake.

Watoto wadogo hawaelewi neno muhula, lakini rangi wanaelewa. Tulibandika kalenda kwenye friji: siku nyekundu mama anachelewa, siku ya kijani mama yupo. Mdogo alikuwa anaamka na kwenda kuitazama kabla ya chai. Siku niliyokosa kuheshimu kijani yake nilisomewa mashtaka yote.

Chuo gani, na kwa mtindo gani

Mitindo iko minne hivi. Masomo ya jioni: siku tatu au nne kwa wiki, kwa kawaida kuanzia saa 11 au 11:30. Yanamfaa anayefanya kazi mjini karibu na chuo na anayetoka kazini kwa wakati. Masomo ya wikendi, yanayouzwa kama programu za watendaji: ada huwa juu zaidi na Jumamosi yote inakwenda, lakini siku za kazi zinabaki salama. Masomo kwa masafa: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na aliyeko Songea au Kigoma anasoma mtandaoni na kufanya mtihani kituoni bila kuhama. Kenya nako Chuo Kikuu Huria kilipata hati yake mwaka 2023. Mtindo wa nne ni uzamili wa utafiti pekee, usio na darasa. Unaonekana mwepesi kwa mtu mwenye kazi, na ndio hatari zaidi, kwa maana hakuna ratiba ya kukusukuma. Ni wewe na msimamizi tu. Kama hujawahi kuandika kazi ndefu ya utafiti, usiuguse.

Katika kuchagua, umbali wa barabarani ni kipimo kikubwa kuliko jina la chuo. Namaanisha umbali wa saa 10:45 jioni, siyo ule wa kwenye ramani. Kabla ya kuomba nafasi, fanya safari hiyo mara tatu kwa siku za kazi: toka ofisini, panda mwendokasi au daladala utakayoipanda, fika getini, tazama saa. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba chuo nilichokipenda kilikuwa kinanichukua saa moja na nusu, na kile nisichokitaka sana dakika 25. Kwa siku tatu za wiki, tofauti ile ilikuwa zaidi ya saa 3 kwenda tu, bila kurudi. Nikaenda cha dakika 25.

Mengine ya kukagua: sifa ya kuingia kwa kawaida ni shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 kwa mizani ya 5. Aliye chini ya hapo aulize njia ya stashahada ya uzamili au uzoefu wa kazi. Thibitisha kwenye tovuti ya TCU kwamba programu yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi mpya isiwe. Ukivutiwa na chuo cha nje kinachofundisha mtandaoni, waulize TCU kama shahada yake itatambuliwa kabla hujatuma hata senti. Kenya, anayeshughulikia utambuzi huo ni CUE, tume yao ya elimu ya vyuo vikuu.

Na waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, siyo ofisi ya udahili, swali hili: walioanza nanyi, wangapi wamekwisha kuwasilisha tasnifu? Simama nje ya darasa saa mbili unusu usiku uwasubiri watoke. Utajibiwa ukweli wote kabla hamjafika kituoni.

Mwajiri

Serikalini kuna utaratibu: mafunzo yako yawe kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo anayeomba Septemba kwa masomo ya Oktoba amechelewa. Hata kama unajilipia na unasoma jioni, pata kibali kwa maandishi. Mtu asiye na kibali huja kupata shida siku ya kuomba shahada yake itambuliwe kwenye cheo. Ukilipiwa, soma mkataba wa kurudi kutumikia: miaka mingapi, na ukiondoka unarejesha nini.

Sekta binafsi hakuna mpango, kuna bosi. Usiombe "kusapotiwa", maana hajui ufanyiwe nini. Omba vitu vitatu vinavyopimika: kutoka saa 10:30 siku tatu za wiki na kufidia kwa kuingia mapema, kugawa likizo yako katika wiki za mitihani, na kutopangiwa safari katika wiki hizo, ambazo utampa tarehe zake mwanzoni mwa muhula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa miaka miwili hiyo ndiyo hazina yako. Sikuitumia hata siku moja kwenda kijijini. Nilizigawa mafungu matatu, mitihani miwili na ukusanyaji wa data.

Wenzako ofisini nao wana hisia. Ukitoka mapema kila Jumatatu, yupo anayebaki kujibu simu zako. Mpokee na wewe zamu zake za Jumanne, tena bila kusubiri akuombe.

Pesa

Ada inaonekana, ziogope zisizoonekana. Nauli na chakula cha jioni mara tatu kwa wiki. Bando. Kuchapa na kutoa kopi. Ada ya mtihani, kitambulisho, michango ya kila mwaka. Ongezeko la dada. Safari za kukusanya data, na posho kidogo ya wasaidizi wa utafiti. Kujalidi tasnifu kwa jalada gumu, nakala kadhaa. Na ile inayouma kuliko zote: ada ya kuongeza muda, inayolipwa kila muhula ambao tasnifu haijaisha. Tenga fungu la tasnifu tangu mwanzo, lisichanganywe na ada.

Kama bado unakatwa na Bodi ya Mikopo, HESLB, asilimia 15 ya mshahara haipo mkononi mwako. Panga kwa kilichobaki. Saccos ya kazini kwa kawaida ni nafuu kuliko mkopo wa benki, na kikoba kinafaa kwa awamu ndogo za ada kama mzunguko wako umeupanga uangukie mwezi wa kulipa. Mikopo ya kwenye simu iache kwa dharura za kweli. Nafasi moja ambayo watu wengi wenye kazi hawaijui: Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa Uingereza wa kusoma uzamili kwa masafa, ukiwa umebaki nchini kwako na kazini kwako. Angalia kama nchi yako na fani yako zimo kwenye tangazo la mwaka huo.

Wiki yenyewe

Niliharibu muhula wa kwanza kwa kujaribu kusoma usiku baada ya darasa. Ninafika nyumbani saa nne, ninafungua makala, ninaamka saa saba shingo imekakamaa na taa inawaka. Baadaye nikapanga hivi, na ndiyo iliyonifikisha:

Siku za darasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11:30 jioni hadi saa 2:30 usiku. Hizo ni saa 9. Asubuhi za siku hizo hizo niliamka saa 10 alfajiri na kusoma hadi saa 12. Hizo ni 6. Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana nilikuwa maktaba. Hizo ni 5. Jumla 20. Jumanne na Alhamisi niliamka kama watu wengine, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa darasani. Usichanganye usiku wa darasa na alfajiri ya kusoma. Ndipo watu wanapougua. Usiku wa Jumapili, Jumanne na Alhamisi nililala saa tatu na nusu pamoja na watoto, jambo lililowafurahisha kuliko zawadi yoyote. Jumapili yenyewe sikugusa kitabu.

Kwa nini maktaba na siyo nyumbani? Kwa sababu nyumbani mama aliyekaa chini ni mama aliye tayari kutumwa. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa 2018, inachukua zaidi ya watu 2,000 kwa wakati mmoja. Vyuo vingine vina maktaba ndogo, lakini kiti kimoja kinatosha. Mikoani, maktaba za mkoa hufaa pia kwa kukaa na kusoma. Nenda na maji na chaja, simu iwe kimya, na mwachie mwenza namba moja tu ya kukupata kwa dharura.

Vipande vya muda navyo vina kazi yake, ila si ya kusoma mambo mazito. Kwenye mwendokasi nilisikiliza mihadhara niliyoirekodi kwa ruhusa ya mwalimu. Kwenye foleni ya benki nilipitia kadi za istilahi. Kusoma makala ya kurasa 30 ukiwa umesimama umeshika bomba ni kujidanganya.

Namna ya kusoma ukiwa umechoka

Makala nyingi ni za Kiingereza kizito, na aliyetoka shule miaka kumi iliyopita huhisi ameachwa. Soma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, ruka hadi hitimisho, kisha rudi kwenye majedwali. Ukiona inakufaa ndipo uisome yote. Andika sentensi tatu kwa Kiswahili: anadai nini, amejuaje, mimi itanifaa wapi. Sentensi hizo tatu ziliokoa tasnifu yangu, maana baada ya mwaka mmoja sikumbuki makala yenyewe ila ninakumbuka nilivyoilalamikia.

Tangu wiki ya kwanza weka kila chanzo kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo. Ni bure, na itakupangia marejeo yote mwishoni. Makala zilizofungwa tafuta kupitia maktaba ya chuo, kwa sababu vyuo vyetu vingi vimeunganishwa na Research4Life, mpango unaofungulia vyuo majarida ya kitaaluma, na mwanafunzi halipi.

Kazi za kikundi ni balaa lake. Kila kikundi kina mtu anayeonekana siku ya kuandika majina. Gaweni kazi kwa maandishi kwenye WhatsApp siku ya kwanza, na tarehe, halafu msigombane. Madesa ya miaka iliyopita yatumie kuona mtindo wa maswali tu. Na kumbuka kwamba katika vyuo vingi uzamili haufaulu kwa C. Alama uliyoponea shahada ya kwanza hapa inakurudisha kwenye mtihani wa marudio.

Tasnifu: anza muhula wa kwanza

Hapa ndipo Hiace ilipopungua abiria, kwa hiyo nitakaa.

Wakati wa kozi unasukumwa: kuna darasa, kuna mtihani, kuna wenzako. Siku mtihani wa mwisho ukiisha, msukumo wote unaondoka kwa mkupuo. Nyumbani wanadhani umemaliza. Kazini wanakurudishia majukumu. Na wewe mwenyewe unasema upumzike mwezi mmoja. Mwezi huo ndio ulioua tasnifu za wenzangu. Kwa hiyo lengo ni hili: siku ya mtihani wa mwisho uwe tayari na pendekezo la utafiti lililosomwa na msimamizi angalau mara moja.

Mada ichague karibu na meza yako ya kazi. Mwalimu mmoja wa sekondari niliyejuana naye alichunguza utoro wa wanafunzi katika kata anayoishi. Alikuwa anakusanya data akirudi nyumbani. Mwingine wa darasa lake alichagua uvuvi wa Ziwa Tanganyika akiwa anaishi Dar, kwa kuwa mada ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Haijaisha. Mada inayohitaji safari mbili za ndege si ya mzazi mwenye mshahara mmoja. Kuwa karibu na kazi kuna tahadhari yake lakini: data za ofisi si zako kwa sababu tu unazo kwenye kompyuta. Omba ruhusa kwa maandishi, ficha majina, na usiwahoji walio chini yako kazini, kwa kuwa hawawezi kukukatalia.

Kazi za muhula zote zilishe mada hiyo. Mwalimu akitoa insha ya kuchagua, andika juu ya kipande cha mada yako. Kufikia mwisho wa kozi utakuwa na nusu ya mapitio ya maandiko bila kujua.

Vibali vina mlolongo wake: chuo kinakupa barua ya utafiti, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha mkuu wa shule au mtendaji wa kata. Kila ofisi ina siku zake. Utafiti wa afya una kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, huhusika. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia, kabla ya kuanza. Mpe mlolongo huu miezi miwili kwenye kalenda na uufanye wakati msimamizi anasoma pendekezo, badala ya kusubiri kimoja kiishe ndipo uanze kingine. Madodoso weka kwenye KoboToolbox, inafanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao na ni bure. Utaepuka usiku wa kuingiza karatasi 200 kwenye kompyuta.

Msimamizi ni mtu mwenye wanafunzi wengi na hakumbuki sura yako. Usimtumie tasnifu nzima na kusubiri. Mtumie sura moja, na kwenye barua pepe andika maswali mawili unayotaka ayajibu. Weka tarehe: "Nitapita ofisini Jumanne ya tarehe 14, Profesa, kama itakufaa." Kisha pita kweli, hata kama hajajibu, ukiwa na nakala iliyochapwa. Wengi wa wazee wetu bado wanasoma kwa kalamu nyekundu. Akikaa kimya wiki nne, mwandikie kwa adabu ukimnakili mratibu wa uzamili wa idara. Siyo uchongezi, mratibu ni kazi yake. Msimamizi wangu wa kwanza alisafiri miezi mitano na sikusema neno, kwa heshima. Heshima hiyo nililipia ada ya muhula mzima.

Ratiba ya saa usiivunje yote. Darasa likiisha, zile jioni tatu nyumbani watazitaka, na ni haki yao. Warudishie mbili, ubaki na moja. Alfajiri na Jumamosi zishike kama zilivyo mpaka siku ya kukabidhi. Hapo unabaki na saa 14 kwa wiki, na zinatosha kabisa ikiwa unaandika kila wiki. Andika hata aya mbaya. Aya mbaya ina kitu cha kurekebisha.

Kuhusu programu za akili mnemba: nilimwona mtu akitetea tasnifu ambayo ni dhahiri hakuiandika. Aliulizwa kwa nini alichagua sampuli ya watu 96. Kimya kile sitakisahau. Zitumie kukuelezea dhana ngumu au kurekebisha Kiingereza kama chuo kinaruhusu, lakini uamuzi wa kila jedwali uwe wako. Kazi itapitishwa Turnitin, programu inayokagua kama umenakili, na kuna kikomo cha kufanana ambacho chuo kimekiweka, kijue kabla.

Mambo yakiharibika

Yataharibika. Mimba, msiba, kupunguzwa kazi, mtoto kulazwa. Jambo moja tu: usipotee kimya. Andika barua ya kuahirisha masomo na upate jibu lenye mhuri. Aliyeahirisha rasmi saa yake imesimamishwa. Aliyepotea saa inaendelea kuhesabu, na akirudi anakuta jina limetolewa. Ukijifungua, sheria inakupa siku 84 za likizo ya uzazi kazini, au 100 kwa pacha, lakini chuo hakijui habari hizo mpaka ukiandikie. Na usipange kuandika tasnifu ndani ya zile siku 84. Nilijaribu. Nina aya moja ya kipindi hicho, na katikati yake kuna neno "maziwa".

Baada ya kutetea

Utapewa orodha ya masahihisho. Yafanye ndani ya wiki mbili, kabla joto halijapoa, na andaa jedwali linaloonyesha kila hoja ya mtahini na ukurasa ulikorekebishwa. Linafupisha safari za kurudishwa. Jalidi nakala, kabidhi, dai risiti ya kukabidhi. Fuatilia fomu za kutodaiwa maktaba na uhasibu mapema, maana jina linaweza kukosekana kwenye orodha ya mahafali kwa kitabu kimoja cha mwaka juzi.

Cheti na transkripti vikitoka, toa nakala, zithibitishwe na wakili, uzipeleke kwa Afisa Utumishi pamoja na nakala ya kile kibali cha masomo. Usimwachie mezani. Omba nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa sababu mafaili hupotea.